Jumapili Jikoni kwa Donya Eufemia

Kila Jumamosi kabla ya kutoka, Wendell Gadsden alikuwa na kazi ya saa nzima. Alichovya kamba za viatu kwenye wanga, akazivuta mpaka zikawa pana kama utepe, kisha akazipiga pasi juu ya meza ya jikoni hadi zikakakamaa. Viatu alivisugua kwa mswaki wa zamani, ubavuni na chini ya soli, hata pale ambapo jicho la mtu lisingefika. Mama yake, Bi. Ernestine, aliyekuja Bronx kutoka Carolina ya Kusini akiwa msichana, alimtazama akitikisa kichwa.

"Kanisani huendi hivi."

"Kanisani hawanikagui, Mama."

"Na Mungu naye hakukagui?"

"Mungu hana viatu vya kushindana na mimi."

Alipigwa kofi la mgongoni, na wote wawili wakacheka. Ilikuwa Februari, mwaka 1982. Wendell alikuwa na miaka kumi na minane, na hicho kilikuwa kicheko cha mwisho ambacho baadaye aliweza kukikumbuka bila kuumia.

Kundi lao liliitwa Wafalme wa Zege. Walikuwa vijana wanane, wote wa mtaa mmoja, na kazi yao ilikuwa kucheza breki: ile sehemu ya wimbo ambapo mwimbaji ananyamaza na ngoma inabaki peke yake. Mpiga sahani za muziki akiirudiarudia, duara linafunguka, na mmoja mmoja wanaingia. Unaanza ukiwa umesimama, unashuka sakafuni, unazunguka, unaganda, unatoka. Mavazi yalikuwa nusu ya mchezo. Aliyeingia duarani na kiatu kichafu alikuwa ameshashindwa kabla hajainua mguu.

Katika wale wanane, mchezaji alikuwa Nelson Arocho. Wengine walikuwa wanajitahidi tu. Nelson aliishi ghorofa ya nne na mama yake, Eufemia, ambaye mtaa mzima ulimwita Donya, yaani Bibi kwa Kihispania chao, jiko lao likiwa juu tu ya chumba cha Wendell, na tangu wakiwa na miaka saba Wendell alilala akisikiliza miguu yake darini. Alianza kwa mguu wa kushoto. Bega moja aliliacha lilale kama la mtu aliyebeba ndoo. Na alikuwa na ujanja ambao hakuna aliyeuweza: pigo la ngoma lilipita kwanza, halafu ndipo aliposhusha mguu, ukadhani amechelewa, kumbe ndivyo alivyotaka. Kwenye mgongo wa jaketi lake la jinzi alijichorea mwenyewe jina lake kwa rangi nyekundu na nyeupe. Alilichora wiki mbili, amekaa kwenye ngazi za chuma nje ya dirisha.

Wendell hakuwa na kipaji hicho, ila alikuwa na koti. Lilikuwa la ngozi ya kondoo, la kahawia, lenye manyoya ndani, na alikuwa amebeba nyama miezi kumi kwenye maghala ya Hunts Point ili kulipata. Wiki moja kabla ya Jumamosi ile, alipokuwa akipita chini ya reli ya juu, watu watatu walimfuata mitaa minne. Mmoja alimwita kwa upole kabisa.

"Koti zuri, bwana mdogo. Saizi gani hiyo?"

Wendell alikimbia. Alifika nyumbani akiwa amelowa jasho kwenye baridi ile, akalitundika koti nyuma ya mlango, na hakumwambia mtu. Angeanzaje? Wafalme wa Zege hawakimbii.

Basi Jumamosi ile Nelson alipobisha hodi ili waende pamoja ukumbi wa viatu vya magurudumu, ambako vijana wa mtaa wa Soundview walikuwa wanawasubiri, Wendell alikuwa ameshapanga la kusema.

"Leo vaa langu. Mimi nipe jaketi lako."

Nelson akamkazia macho. "We, una homa?"

"Nataka kuzunguka kwa mgongo. Ngozi itachanika."

"Si ulivue tu uliweke pembeni?"

"Wakaliibe? Vaa bwana, kabla sijabadili mawazo."

Nelson alilivaa polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto. Alijigeuza mbele ya kioo cha Bi. Ernestine, akainua ukosi, akaushusha, akauinua tena. "Mama Gadsden, tazama. Nimekuwa mkwe wa gavana."

"Gavana ana bahati mbaya," alijibu Bi. Ernestine, na akamnyoosha kola.

Walishuka. Wendell alibeba begani lile zulia la plastiki walilochezea, limekunjwa kama mkeka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Kwenye duka la kona Nelson alisimama ajitazame kwenye kioo, akasema, "Tangulia, nakuja." Wendell alitangulia. Njia ilikuwa ileile ya chini ya reli, na yeye alikuwa anatembea haraka. Alijua anatembea haraka. Alisikia mlio mmoja, si mkubwa, kama ubao umeangushwa, na kabla hajageuka alikuwa ameshajua.

Nelson alikuwa amekaa chini, ameegemea mlango wa duka. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umevuliwa, wa pili umekwama kwenye kifundo. Wale watu walikuwa wameondoka bila koti.

"Nilikuwa nalivua," Nelson alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea kwa mwalimu. "Waambie nilikuwa nalivua."

Hakusema tena.

Kwa siku tisa Donya Eufemia alisalisha rozari nyumbani kwake, majirani wamejaa mpaka kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mshonaji wa kiwanda cha sidiria, ambaye ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumla macho. Polisi walibaki na koti. Jaketi la jinzi lilibaki kwa Wendell, na siku ya tisa alilikunja akalipandisha juu kumrudishia.

Donya Eufemia alilishika, akapapasa herufi mgongoni kwa vidole, moja baada ya moja. Kisha akalirudisha mikononi mwa Wendell.

"Ulimpa koti lako zuri," alisema. "Mwanangu hakuwahi kuwa na koti kama lile. Alikufa amependeza. Mungu akulipe, Wendell."

Hapo ndipo alipaswa kusema. Mdomo aliufungua. Mwanamke mmoja akapita na sinia la kahawa katikati yao, na sinia lilipopita, neno lilikuwa limerudi tumboni.

"Unayajua ya Nelson?" Donya Eufemia aliuliza.

"Yapi?"

"Ya miguu. Nilimpigia kelele kila siku, sahani zinacheza kabatini. Sasa sahani zimetulia, mimi silali." Alimshika mkono. "Jumapili njoo ule. Njoo na jaketi."

Jumapili alikwenda. Alikula wali wa mbaazi na nyama ya nguruwe, kisha Donya Eufemia akasogeza kiti ukutani, akafumba macho. Hakukuwa na muziki. Wendell alisimama katikati ya jiko akiwa amevaa jina la mtu mwingine mgongoni, akaanza.

"Sio hivyo," alisema Donya Eufemia bila kufumbua macho. "Yeye alianza na kushoto."

Akaanza na kushoto.

"Unawahi mno. Ngoja. Ngoja... sasa."

Ilimchukua miezi. Jumapili baada ya Jumapili alimrekebisha kwa masikio tu, kama fundi anayesikiliza injini, hadi siku moja mwezi wa Septemba sahani zilipotikisika kabatini, na yule mama akaweka kiganja mdomoni na kusema kwa sauti ndogo sana, "Eso. Hivyo hivyo. Huyo." Wendell alishuka ngazi siku ile. Alijihisi amefanya jambo jema. Alijihisi pia kama mtu aliyefungua mlango asioujua unaelekea wapi.

Halafu ikaja ile Jumatano. Alikuwa amelala kitandani chumbani kwake, ametoka kazini, aliposikia miguu darini. Kushoto. Kimya kidogo. Kulia. Ilichelewa mahali palepale ilipokuwa ikichelewa siku zote. Bi. Ernestine alitokea mlangoni akiwa na ufagio mkononi, tayari kugonga dari kama alivyozoea miaka yote, akamkuta mwanawe amelala pale, macho wazi.

"Nilidhani uko juu," alisema.

"Niko hapa, Mama."

Waliinua nyuso zao pamoja. Miguu ikaendelea. Bi. Ernestine aliuegemeza ufagio ukutani polepole, akaanza kusali kwa midomo tu.

Wendell alipanda. Mlango wa Donya Eufemia ulikuwa umeachwa upenyo, mnyororo umefungwa, maana alikuwa anapika na jiko lilikuwa la moto. Kupitia upenyo ule alimwona. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, amevaa ndala zake za nyumbani, gauni amelikunja kiunoni, na alikuwa anajaribu. Kushoto. Anangoja. Kulia. Bega moja limelala. Jasho lilimtiririka shingoni, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Wendell hakubisha hodi. Alishuka ngazi kwa vidole vya miguu, akamwambia mama yake, "Ni yeye mwenyewe Donya." Bi. Ernestine akasema kwamba hilo ni baya zaidi.

Masika ya mwaka uliofuata, Wafalme wa Zege walikutana tena na vijana wa Soundview, katika ukumbi uleule wa magurudumu. Mbora wao aliitwa Prentiss Mabry, kijana mrefu mwenye suti ya michezo ya rangi ya divai na kofia ya manyoya, na mdomo wake ulikuwa maarufu kuliko miguu yake.

"Gadsden!" alipiga kelele kutoka upande wa pili wa duara. "Bado unacheza kama unatafuta funguo zako?"

Watu wakacheka. Wendell naye akacheka. Breki ikaingia, akaingia nayo, akitaka kucheza mambo yake mwenyewe, yale ya zamani, ya haraka haraka na magoti ya ovyo, yaliyokuwa yake. Miguu ikamkatalia. Ilianza na kushoto. Pigo likapita, mguu ukangoja, ukashuka. Bega likalala. Alipogeuka, jina la mgongoni likawapitia wote usoni, jekundu na jeupe.

Kelele zikafa. Alikuwa amezoea ukimya wa watu waliochoshwa, lakini huu haukuwa huo. Msichana mmoja aliyekuwa mbele alirudi nyuma, akamkanyaga mwenzake. Wendell alishuka, akazunguka, akaganda, na pale alipoganda, kichwa chini, aliwaona wote wamepinduka, na hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Walikuwa wanamtazama Nelson.

Ilikuwa zamu ya Prentiss. Alivua kofia yake, akaikunja mkononi.

"Mimi siingii," alisema taratibu. "Sichezi na huyo."

Njiani kurudi, mmoja wa Wafalme wa Zege alimpiga Wendell bega akasema wameshinda. Wengine walitembea mbele. Hawakumwita tena mazoezini, na yeye hakwenda. Alijaribu peke yake, mara nyingi, mbele ya vioo vya maduka asubuhi na mapema akielekea Hunts Point. Kila alipojitazama, bega lile lilikuwa limelala. Alitafuta mchezo wake wa zamani jinsi mtu anavyotafuta jina lililomtoka, na kadiri alivyotafuta ndivyo lile jina jingine lilivyokuja.

Jumapili aliendelea kupanda. Donya Eufemia alikuwa haoni sasa, ila mwanga na giza. Wakati mwingine alimwita Wendell, wakati mwingine mwanangu, na siku chache, akiwa amechoka, alimwita jina la mgongoni. Yeye aliitika yote.

Oktoba 1984, baada ya kucheza, alimwona anafuta machozi kwa ncha ya aproni na kutabasamu.

"Wema wako huu," alisema. "Kwanza koti, sasa kucheza huku. Mama yako alizaa mtu."

Na Wendell, aliyekuwa amemeza neno lile miaka miwili na miezi minane, akajikuta analisema, amesimama palepale katikati ya jiko, anahema.

"Donya, sikumpa kwa wema."

"Unasema nini?"

"Wiki moja kabla walinifuata. Watu watatu. Walikuwa wanataka koti. Niliogopa kulivaa. Ndiyo maana nilimpa yeye. Sikumwambia."

Kijiko kilikuwa mkononi mwa Donya Eufemia. Aliendelea kukishika.

"Nelson hakujua?"

"Hapana."

"Wewe ulijua."

"Ndiyo."

"Na ukamwacha nyuma dukani."

"Alisema nitangulie."

"Ukatangulia."

"Ndiyo, Donya."

Jirani alikuwa anasikiliza mchezo wa besiboli, na sauti ya mtangazaji ilipita ukutani kama ya mtu aliye chini ya maji. Donya Eufemia alipapasa jiko, akakipata kitufe, akazima moto.

"Wali umeungua," alisema. "Nenda nyumbani."

Jumapili iliyofuata alipanda, akabisha. Alisikia ndala zake zinakuja mpaka mlangoni, zikasimama. Alisikia pumzi yake upande wa pili wa ubao. Walisimama hivyo, labda dakika tano, mlango katikati yao. Kisha ndala zikaondoka. Wiki ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, na ya nne. Bi. Ernestine alimwambia amwache mwanamke wa watu apumue, lakini Wendell alisema kwamba asipopanda ndiyo atakuwa amekimbia tena.

Jumapili ya tano mlango ulikuwa wazi. Mezani kulikuwa na sahani mbili. Alikula, akaosha vyombo, akamsomea dawa zake na tarehe zake. Alipovua jaketi na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, Donya Eufemia alisikia, akageuza uso. Hakumwomba acheze siku ile, wala siku nyingine yoyote. Waliishi hivyo miaka mitatu, Jumapili kwa Jumapili, wakizungumza bei ya ndizi na mvujo wa mabomba. Kama alimsamehe, hakusema. Kama hakumsamehe, alimpikia hivyo hivyo. Wendell hakuuliza. Aliona ameshapoteza haki ya kuuliza.

Donya Eufemia alifariki Novemba 1987, hospitalini, asubuhi, Wendell akiwa kazini. Binti yake, Zoraida, akaja kutoka Ponce, kisiwani kwao, kwa mazishi, mwanamke wa miaka arobaini mwenye nywele fupi, ambaye Wendell alikuwa anamjua kwa picha tu. Baada ya makaburini walikaa jikoni, na yeye akatoa kwenye mkoba bunda la barua.

"Wewe ndiye Wendell wa chini?"

"Ndiye."

"Jirani yake alimwandikia, yeye akisema. Miaka yote hii. Sikujua niamini nini." Alifungua moja, akaisoma kwanza kimya, kisha akaitafsiri polepole kutoka Kihispania. "'Nelson bado anakuja kila Jumapili. Amekonda. Anachoka upesi, kazi ya nyama ni ngumu.'" Akafungua nyingine. "'Nelson alicheza vizuri leo, nikasahau chakula jikoni.'"

Wendell alitazama meza.

"Na hii ni ya Novemba themanini na nne," alisema Zoraida. "'Nelson hajaingia wiki nne. Anakuja, anabisha, mimi ndiye ninayemfungia. Ameniambia jambo na siwezi kulibeba. Nikiwaza, nimezaa watoto wawili tu, mmoja yuko mbali na mmoja yuko mlangoni. Kesho nitafungua.'"

Aliikunja barua.

"Niambie," alisema. "Alidhani wewe ni yeye?"

"Sijui."

"Alikuwa na akili timamu. Daktari alisema."

"Alikuwa nazo, ndiyo."

"Basi alikuambia nini? Wewe ulimwambia jambo gani?"

Alimwambia. Safari hii ilitoka rahisi, na urahisi wake ulimtisha. Zoraida alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakutukana. Aliinuka, akafungua kabati, akaanza kufunga sahani za mama yake kwenye magazeti, na bila kugeuka akasema, "Jaketi nitaondoka nalo." Wendell alilitoa msumarini, akampa. Rangi ya herufi ilikuwa imepasuka yote, na mikono ilikuwa imefumuka pindoni. Lilikwenda Ponce. Hakusikia habari zake tena.

Siku hizo vijana wadogo walikuwa wameshaingia kwenye mambo mapya: makoti ya rangi, minyororo mizito, nyimbo za maneno mengi, na breki walizicheka kama mchezo wa kaka zao. Hilo lilimfaa Wendell. Aliacha nyama, akajifunza ufundi wa lifti, kazi ya watu wasio na haraka, akahamia upande wa Gun Hill pamoja na Bi. Ernestine. Chumba alichochagua kilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Juu yake kulikuwa na paa tu, na bado kulikuwa na usiku alipolala akiwa ametega masikio.

Mwaka 1991 alimuoa Claudette, muuguzi, binti wa Wajamaika, na alikuwa amemweleza yote kabla ya kumvisha pete. Harusi ilijaa wajomba wa Claudette, watu wa kucheza mpaka viatu vinalegea, na mpiga sahani waliyemkodi alikuwa mtu wa zamani zile. Karibu na mwisho akatoa wimbo mmoja wa siku zile, akaufikisha pale ngoma inapobaki peke yake. Watu wazima wakapiga mayowe, wakafungua duara, wakawa wanamnyooshea bwana harusi mikono.

"Huyu ni wa Bronx na hachezi?" mjomba mmoja alimwinamia Claudette. "Mwanangu, umeolewa na kinara cha taa!"

"Hachezi, Mjomba," Claudette alijibu. "Hana miguu hiyo."

Mjomba akaenda zake akicheka. Wendell alikuwa ameketi wima, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, anawatabasamia wageni. Claudette akateremsha mkono chini ya kitambaa cha meza, akaushika mguu wa kushoto wa Wendell juu ya goti, akaukandamiza kwa nguvu zake zote, mpaka wimbo ukaisha.